Nyumba ya Chuma Tuliyoichagua

Baba yangu aligonga magurudumu ya treni kwa nyundo miaka ishirini na saba. Treni ikisimama stesheni ya Kamina, alishuka kwenye mawe ya reli na nyundo yake yenye mpini mrefu, akainama kando ya kila behewa, akagonga, akasikiliza. Gurudumu zuri hulia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyotoboka, na behewa hilo hukatwa likaachwa nyuma. Akimaliza behewa alisema kwa sauti, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikiliza: "Haina ufa." Kisha akaenda kwa lingine.

Nyumbani nako hakuiacha kazi. Aligonga chungu kipya kabla mama hajakinunua, aligonga maboga, aligonga miguu ya viti kwa watu waliotukaribisha. Siku kijana wa kwanza alipokuja kuniposa, nilimnong'oneza mama kwamba namshukuru Mungu baba ameacha nyundo stesheni. Mama alicheka mpaka akakosa pumzi. Wakati ule kukosa pumzi kulikuwa bado jambo la kucheka.

Miaka miwili baadaye miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, amewekewa mito mgongoni, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mito. Tulizaliwa watano nikabaki peke yangu, kwa hiyo kijana wa posa alisubiri, akachoka, akaoa kwingine, nami sikumlaumu. Muuguzi wa dispensari ya kampi, makazi yetu watu wa reli, alisema moyo umechoka. Alitoa vidonge, akamwita baba pembeni, akamwambia asitegemee mengi.

Mwaka uleule baba alifikisha umri wa kupumzishwa. Nyumba za kampi zilikuwa za kazi. Kazi ikiisha, na nyumba inaisha. Tuliletewa barua kwamba tuwe tumetoka kabla ya Noeli. Wazee wenzake walihamia mjini wakajenga vijumba vya matofali mabichi, wengine walirudi vijijini kulima mihogo. Baba angeweza kurudi kwao, upande wa Kabongo, ambako ndugu zake walikuwa na mashamba. Lakini mama aliomba kitu kimoja, na maishani mwake hakuwa mtu wa kuomba. Alisema anataka kukaa Sanga, kwao, ayaone tena maji ya ziwa Kisale. Hakusema "kabla sijafa". Sote watatu tulijua.

Baba alimwahidi. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kwetu Waluba mwanaume wa heshima hajengi kwa wakwe. Unakwenda kusalimia, unakaa pembeni, unakula umeangalia upande, unarudi kwako. Ukiomba kiwanja kwa shemeji zako umejifanya mtoto wao, na mama mkwe, ambaye hupaswi hata kukutana naye njiani uso kwa uso, anageuka jirani yako wa kila asubuhi. Bibi yangu alikuwa bado hai, na macho yake yalikuwa yanaona vizuri sana.

Wiki mbili baba hakulala. Kisha jioni moja aliingia jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amepata dawa. Alikuwa ameona kamio, yaani lori, yenye nyumba mgongoni. Wazungu wa kupima barabara walikuwa nazo: ndani kitanda, meza, jiko, na mtu analala humo miezi. Mgiriki mmoja mwenye duka alikuwa na mbili kuukuu za kuuza.

"Nyumba ya magurudumu, hatujayenga ku bantu," aliniambia. "Inasimama tu pale. Nani atasema mi nimeyenga kwa bakwe?"

Niliona akili yake ilivyofanya kazi, na nilimpenda kwa hilo. Alikuwa ametafuta njia ya kutimiza ahadi bila kuvunja heshima, na ameipata. Laiti angekuwa mjinga zaidi.

Tulikwenda kuziangalia watu wanne. Baba na nyundo yake. Mama, tuliyemweka kwenye kigari cha mizigo cha stesheni, na kitenge juu ya miguu ili watu wasiione. Mimi. Na dereva ambaye baba alikuwa ameshakubaliana naye, mtu wa Kabongo aliyebeba pamba kwa kamio miaka mingi, mwenye maneno machache na meno machache zaidi. Siku zile kule base, kambi mpya ya ndege, zege lilimwagwa kila kukicha, wazungu walikuja na kuondoka, na vitu vyao vilibaki nyuma ya duka la yule Mgiriki: vitanda vya kukunja, mapipa, viti visivyo na migongo, na hizo kamio mbili zimesimama kwenye majani.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba za kubandikwa, rangi imebabuka, paa la turubai lililopakwa lami. Upande mmoja ulikuwa na dirisha pana lililofunguka kwenda nje na chini, kama la kibanda cha kuuzia mikate, na kitanda kilikuwa sambamba na dirisha hilo. Mama aliomba asogezwe karibu. Aliweka kiwiko kwenye ukingo, akakiangalia kitanda, kisha akageuka polepole akaangalia kule ambako mtu aliyelala mle angeangalia. Palikuwa na ua wa Mgiriki, mapipa na kuku wawili. Lakini mimi nilimjua mama yangu. Alikuwa anaangalia maji.

Baba aliigonga. Ukuta ulijibu kama sanduku la sabuni. Alizunguka pembe zote nne, akapiga magoti chini ya mlango, akachomeka kisu kwenye fremu. Kisu kiliingia hadi nusu, na unga wa mchwa ukamwagikia kiatu chake. Skrubu zilikuwa zimekula kutu. Alipopanda ndani, sakafu ililia na nyumba nzima ikayumba. Dereva aliweka bega nyuma ya gari akalisukuma, nalo likasogea hatua moja kwenye majani.

"Hii bantu babili banaisukuma," alisema dereva, na ilikuwa sifa.

Baba alimwangalia kama mtu aliyesikia tusi. Nyumba inayosukumwa na watu wawili, kwake, haikuwa nyumba.

Ya pili ilikuwa ya chuma, juu ya kamio kubwa ya magurudumu sita. Baba hakuwa ameifikia bado alipotambua kwamba aliyeitengeneza alikuwa mtu wa mabehewa. Ilikuwa na mbavu za chuma, bati nene nje, bati lingine ndani, na mbao zimebanwa katikati. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuungia chuma, zilijipanga kwa mstari kama punje kwenye gunzi la hindi. Mlango ulikuwa na komeo la kuzuia ng'ombe dume. Kitanda kilifungwa sakafuni kwa bolti, na kwenye kona palikuwa na jiko dogo la chuma lenye bomba la moshi na tanuri ya kuokea. Madirisha yalikuwa mawili, madogo, juu karibu na paa, yana nondo, kwa kuwa aliyekaa humo alitunza vyombo vya kupimia na aliogopa wezi.

Baba alivua koti. Aligonga magurudumu, aligonga ekseli, aligonga mbavu moja moja, aliingia chini ya tumbo la gari tukaona viatu vyake tu. Kengele ile niliyoisikia tangu utotoni ikalia nyuma ya duka la Mgiriki, mara kumi, mara ishirini, safi. Alipotoka alikuwa na mafuta usoni na anatabasamu. Tangu barua ya kampi ifike sikuwa nimemwona akitabasamu. "Haina ufa," alisema.

Dereva alikohoa, akaomba aseme neno. Alimwambia baba kwamba nyumba hiyo ni nzuri, hajaona nyingine kama hiyo, lakini barabara ya ziwa anaijua: mchanga kwanza, kisha udongo mweusi, na mvua zimeshaanza.

"Muzee, kule barabara haipendake buzito," alisema.

"Miaka makumi mbili na saba nimepitisha mawago ya shaba," baba alijibu, akimaanisha mabehewa. "Buzito haibunjake kitu. Ufa njo inabunja."

Hilo lilikuwa kosa letu, na ni kosa la watu wa reli. Mkulima asingelifanya, mvuvi asingelifanya, hata mwuza karanga anayebeba beseni lake kichwani asingelifanya. Mtu wa reli hajui uzito ni nini. Reli haiulizi unabeba kiasi gani. Unapanga, unafunga, unavuta. Tulikulia pale tukiona milima ya shaba ikipita mbele ya milango yetu kila siku, ardhi ikitikisika kidogo tu, na tukaamini kwamba dunia yote imelazwa juu ya mataruma ya reli. Kwa watu kama sisi kitu kizito ni kitu kizuri. Tulisema hivyo hata juu ya watu.

Mama alizungumza mara moja tu. Alisema taratibu, akivuta pumzi katikati: "Ya ile ingine dirisha iko chini."

Baba alichuchumaa mbele ya kigari, akamshika magoti. Alimwambia wakifika Sanga atamkatia dirisha, kubwa kuliko lile, upande wowote atakaotaka. Alikuwa mkweli. Kisha akanigeukia mimi, na mpaka leo sijui kwa nini aliniuliza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza watoto.

"Na weye, mutoto yangu, unaona nini?"

Niliona dirisha. Niliona kiwiko cha mama bado kimeacha alama kwenye vumbi la ukingo wa ile nyumba nyepesi. Niliona pia lile jiko lenye tanuri, ambalo hakuna msichana yeyote kampini alikuwa nalo, na niliona tabasamu la baba. Nikasema, "Ile ya chuma."

Mama alivuta kitenge chake kikafunika vizuri miguu. Pesa yote ya kumaliza kazi ikaishia pale.

Kampi nzima ilikuja kuiangalia. Wanaume waliigonga kwa ngumi, wakatikisa vichwa, wakasema hiyo wajukuu wataikuta. Padri alipita akanyunyiza maji ya baraka mlangoni. Jirani yetu, fundi wa breki, aliizunguka mara mbili akamwambia baba: umenunua behewa zuri sana, sasa tutafute reli yake. Tukacheka wote. Baba alicheka kuliko wote, maana utani wa mtu wa kazi ni heshima. Nimekumbuka neno lile la jirani mara nyingi kuliko baraka ya padri.

Tuliondoka asubuhi, mama kitandani na mito yake sita, mimi sakafuni nimeshika mguu wa kitanda. Siku ya kwanza tulikwenda kwenye mchanga. Gari lilinguruma, lilichemka, lilisimama, tukamwaga maji, likanguruma tena. Wanakijiji walitoka kwenye mihogo yao kutuangalia tukipita kwa mwendo wa mtu mgonjwa. Kila mara gurudumu lilipozama dereva alishuka, akakata matawi, akayatandika, akapanda bila kumwangalia baba. Hakusema "nilikwambia". Angesema labda tungepumua.

Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate. Mama hakulalamika. Aliniomba nipande juu ya sanduku, nishike nondo za dirisha, nimwambie ninachoona. Nikamwambia: miti. Nikamwambia: mwanamke na beseni la mihogo. Nikamwambia: mbuzi, mbuzi wengine, kichuguu. Akawa anarudia kwa sauti ndogo kila neno nililosema.

Siku ya tatu mvua ilituwahi kwenye udongo mweusi. Palikuwa na mteremko mdogo, kisha tambarare ya majani marefu, kisha mteremko mwingine ambao nyuma yake, dereva alisema, ukiwa na miguu mizima unafika ziwani siku moja na nusu. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi kwenye ekseli. Tukatandika matawi, yakamezwa. Tukatandika mbao za kitanda changu cha kampini, zikamezwa. Baba na dereva walichimba siku nzima, na kila walichokitoa kilirudi kimejaa maji. Gari halikupinda, halikuvunjika, hakuna bolti iliyolegea. Lilizidi tu kwenda chini, zima kabisa.

Asubuhi yake nilipanda juu ya paa kuangalia kama kuna kijiji. Kwa mbali sana, baada ya majani, palikuwa na mstari mweupe mwembamba. Nilishuka nikamwambia mama ninaliona ziwa. Alifumba macho. Kisha akaniuliza liko upande gani, nikamshika mkono nikauelekeza kwenye ukuta wa kichwani pake. Akabaki ameweka kiganja kwenye bati.

Baba aliona. Alitoka nje, akachukua patasi ya chuma na nyundo yake ileile, akaanza kukata dirisha. Sitasahau sauti ile. Alipiga tangu asubuhi bila kupumzika, na kichwa cha mama kilikuwa upande wa pili wa bati, nikamziba masikio kwa mito, naye akaitoa. Alisema mwacheni. Ilipofika jioni baba alikuwa amekata bati la nje, tundu la ukubwa wa sahani, akakuta mbao ngumu, na nyuma ya mbao bati lingine. Patasi ikavunjika ncha. Alikaa kwenye matope akaishika mikononi, na mimi, badala ya kumhurumia, nilikuwa na hasira mpaka meno yakaniuma.

Siku iliyofuata, mvua ikiwa imepungua, tulisikia gari. Lilitoka nyuma yetu, likaacha barabara, likapita juu ya majani likiyumba kama bata. Ilikuwa ile nyumba nyepesi. Mfanyabiashara wa samaki wa Kamina alikuwa ameinunua. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani palikuwa na magunia ya chumvi na vikapu vitupu. Watu wake watatu walishuka wakaisukuma palipokuwa na maji, ikapita. Unga wa mchwa na kutu yake yote, ikapita.

Yule mfanyabiashara alikuwa mtu wa heshima. Alisimama, akavua kofia, akaingia kumsalimia mama. Akamwambia baba kwamba atatoa magunia, mgonjwa atalala kwenye kitanda cha dirishani na binti yake kando, na kesho jioni watakuwa Sanga. Nilikuwa nimeshainamia mito kuikusanya.

Baba alisema hapana.

Alisema kwa adabu. Alimshukuru. Alieleza kwamba kesho jua likitoka udongo utakauka, gari litatoka. Lakini mimi nilijua, na mama alijua, kwamba haikuwa habari ya jua. Mke wake aingie kijijini kwao kwenye nyumba ya mwanaume mwingine, na yeye mumewe afike nyuma kwa miguu, na matope hadi kiunoni? Bora asingeahidi. Heshima ileile iliyomfanya anunue nyumba ndiyo iliyofunga mlango wake. Nilimwambia, mbele ya mgeni, "Baba, mwache aende," na katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumwamuru. Hakunigeukia. Alimwangalia mama.

Mama angeweza kusema neno moja. Nilimwangalia na macho yangu yote, nikimwomba aseme. Alikaa akipumua, mkono kwenye bati.

"Kama baba ya batoto anasema kesho," alisema, "ni kesho."

Mpaka leo sijui kama alimpenda kiasi hicho au alikuwa amechoka kiasi hicho. Watu hunieleza kwamba ni upendo. Mfanyabiashara alitoa samaki wawili wakavu, akaahidi kuwapa habari ndugu zake mama, akavaa kofia. Nilisimama mlangoni nikaiangalia nyumba ile ikipanda mteremko, dirisha lake likiwa wazi upande wa ziwa.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alifariki saa tisa alasiri, ameketi, nimemshika mgongo kwa sababu mito ilikuwa imelowa jasho na nilikuwa naigeuza. Nilikuwa namwambia kwamba naona ndege weupe. Sikuwa nimepanda juu ya sanduku, sikuwa naona chochote. Ndege niliwabuni. Baba alikuwa chini ya gari akichimba.

Wajomba zangu wawili walifika siku mbili baadaye na vijana wa kubeba, wamepita kwenye maji hadi kifuani, wamebeba machela ya miti ya kumchukulia dada yao mgonjwa. Wakamchukulia humohumo. Baba alitembea nyuma ya wote, peke yake, na hakuna aliyemwambia atangulie. Kwenye mteremko wa mwisho ziwa lilifunguka lote, kubwa, la kijivu, na wabebaji wakasimama kupumzika. Machela ilielekea majini kabisa. Nilimfunulia uso. Nilijua ni upuuzi, nikafanya.

Alizikwa Sanga. Waliochimba kaburi walikuta vyungu vya watu wa kale, kama inavyokuwa kila wakichimba kule, wakavisogeza pembeni. Bibi yangu alikuja amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni. Alimpita baba uso kwa uso, bila kugeuka, bila kufunika macho, kama unavyompita mtu yeyote njiani. Baba akaangalia chini. Miaka thelathini wawili wale walikuwa wamekwepana kwa heshima, na sasa, mama hayupo, hapakuwa na mkwe wa kukwepa.

Ikabaki nyumba. Kwao mama, nyumba aliyofia mtu haiachwi ikasimama. Inavunjwa, inachomwa, majani yanaota, marehemu anaelewa kwamba hana pa kurudi, anakwenda zake. Ni kazi ya nusu siku: unakata nguzo, unavuta paa. Mjomba mkubwa alisema msiba hauwezi kwisha nyumba ikiwa wima kule kwenye matope. Tukarudi na vijana wanane, mashoka na kamba. Dereva alikuwa bado pale akilinda gari, amekaa nje kwenye mvua. Hakutaka kulala ndani.

Walitia moto. Kitanda kiliungua, mito iliungua, mbao za katikati ya kuta ziliungua polepole siku nzima, moshi ukitokea kwenye tundu lile la ukubwa wa sahani. Matairi yaliungua kwa moshi mweusi. Jiko langu lenye tanuri lilibaki kwenye kona yake limekaa vilevile, na nililichukia kama mtu. Asubuhi yake, chuma kilipopoa, walifunga kamba wakavuta. Watu kumi, na dereva. Walipiga kwa mashoka, mashoka yakakunjika makali. Bati lilikuwa jeusi, rangi imeondoka yote, lakini mbavu zilisimama, paa lilisimama, ribiti ziko kwenye mstari wake. Mjomba mkubwa alifuta uso akasema kwamba tangu azaliwe hajaona nyumba inayokataa kufiwa. Kisha akawaambia vijana wakusanye kamba.

Baba hakuwa amesaidia. Mkwe hagusi kazi ile. Alikuwa amekaa kwenye kichuguu, nyundo katikati ya magoti. Walipoanza kuondoka aliinuka, akaingia kwenye matope, akaanza upande wa kushoto kama alivyoanza siku zote. Aligonga gurudumu, akainamisha kichwa, akasikiliza. Aligonga la pili. Aligonga ekseli, aligonga mbavu moja moja, akazunguka nyuma, akarudi upande wa kulia. Kengele ikalia juu ya majani yale, safi kama nyuma ya duka la Mgiriki. Nilimngoja akose kimoja. Niliomba kwa Mungu kiwepo kimoja tu.

Alipomaliza alisimama wima, uso kuelekea ziwani.

"Haina ufa," alisema kwa sauti.

Wajomba walikuwa wameshapanda mteremko. Nilibaki mimi tu wa kumsikiliza.